Mstari wa Mchwa Nilioukata

Mtu akiniletea mazungumzo ya miaka thelathini iliyopita yakiwa yamenyooka kama nguo iliyotoka kwa dobi, mimi huangalia kwanza mikono yake. Simwamini. Hata mwenyewe sijiamini, na ndiyo maana watu wanaoongea katika kumbukumbu hizi ni wachache kuliko mhariri wangu anavyotaka. Ameniandikia pembeni, kwa wino mwekundu: "Hapa watu waongee." Waongee nini? Mengi waliyosema nimeyasahau, na ninayoyakumbuka nina shaka nayo. Katika sura nzima ya soko nina sentensi sita za watu wengine ambazo niko tayari kuziapia. Nilianza na tisa. Nilipozihesabu mara ya pili, tatu nilizikuta zina harufu yangu.

Uchoyo huu nilifundishwa na mwanamke mmoja wa upande wa Chemba. Alikuja mezani kwangu na shauri la shamba, akiwa na maneno ya marehemu mume wake, na mimi kwa ujuzi wangu wote nikayakata.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Shirika la umma nililokuwa karani wake lilifungwa, tukapewa barua, tukapewa mkono, na vitu vya ofisi vikapigwa mnada uani. Wenzangu waligombea viti. Mimi nilinunua taipureta, baada ya kumshusha dalali mara tatu kwa kumwonyesha kwamba herufi moja inaruka. Nilijua inaruka kwa sababu niliiharibu mwenyewe miaka miwili kabla.

Nikaweka meza kwenye kibaraza cha duka la madaftari, ng'ambo ya mahakama, kando ya waandishi wengine wenye mashine zao. Kazi haikukosekana. Dodoma ilikuwa imejaa watu waliopunguzwa kazini, na watu waliokuja kuifuata serikali iliyokuwa ikihamia kila mwaka bila kufika. Wote walihitaji karatasi. Niliandika barua za kuomba kazi, hati za kuuziana viwanja, na zaidi ya yote maelezo ya mashauri: nani alimwambia nini nani, na nani alikuwepo.

Jioni taipureta niliifungia kwenye sanduku la bati nililonunua Kizota, kwa fundi wa kuchomelea. Yule fundi aliniapia kwa robo saa nzima. Bati zito, rangi ya kopo jipya, hata mkwewe hawezi kumuuzia kwa bei ninayotaja. Mimi namwitikia tu. Kisha akamgeukia fundi mwenzake akamwambia, bila hata kushusha sauti, "Lile la kijani lisogeze kivulini, litabanduka." Sanduku tulilokuwa tukibishania lilikuwa la kijani. Nikalipata kwa nusu ya alichoapia. Maneno ya bei mtu huyalinda. Haya mengine huyaacha wazi kama mlango wa uani. Sokoni nililijua hilo tangu zamani. Nikishakaa nyuma ya mashine nikaitwa mwandishi, nilikuwa nalisahau.

Nilitoza kwa ukurasa. Utaratibu huo hubadilisha namna watu wanavyokumbuka. Mtu akijua kila mstari una bei, huanza kupunguza ndugu. Nimeona mashangazi wawili wakifutwa kwenye ugomvi waliouanzisha wenyewe, ili maelezo yaishie ukurasa wa kwanza. Na mimi nilisaidia kuwafuta. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba hakimu hasomi ukurasa wa pili. Sikuwa na ushahidi wowote wa jambo hilo, ila lilisikika kama neno la mtu aliyewahi kuingia ndani ya mahakama.

Kwa kuwa simwamini mtu, nilikuwa na kipimo. Mteja alinisimulia mara mbili. Mara ya kwanza naandika kwa penseli upande wa kushoto wa daftari. Kisha namwambia akanywe chai, na akirudi anaanza upya, naandika upande wa kulia. Halafu naoanisha. Maneno yaliyobadilika kidogo, maana ikabaki ile ile, niliyawekea alama ya vema. Ndivyo mtu anavyokumbuka: asubuhi anasema "aliniambia niondoke," mchana "alisema nitoke kwake." Maneno yaliyorudi vile vile, bila kukosa hata silabi, niliyawekea mkasi, alama ya kukata. Nilijua yamefundishwa. Mtu aliyekaririshwa hukurudishia maneno kama chenji iliyofungwa kwenye karatasi tangu nyumbani. Kipimo hicho kiliwahi kuniepusha na bwana mmoja mwenye sauti nzuri aliyekuwa anauza kiwanja cha kanisa. Nikakiamini kuliko nilivyoamini watu.

Mwanamke yule alikuja asubuhi, viatu mkononi. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine hii?"

"Ndimi."

"Unatoza kwa neno?"

"Kwa ukurasa."

"Ukurasa mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha: mistari thelathini. Akaupima kwa shibiri, akaugeuza.

"Na huku nyuma?"

"Nyuma hatuandiki, mama."

"Sasa mnaununulia nini upande ambao hamwandiki."

Nikamheshimu papo hapo, na papo hapo nikaanza kumshuku. Anayejua kupatana na mimi anajua na mengine. Isitoshe, ng'ambo ya barabara alisimama mwanamume mwenye baiskeli, ametukazia macho, midomo yake ikichezacheza kama anayerudia somo.

"Yule nani?"

"Kaka yangu."

"Alikuwepo siku ya hayo maneno?"

"Hakuwepo."

"Basi kafuata nini hapa?"

"Kukuangalia wewe."

Nikaandika kwenye daftari: kaka, baiskeli, midomo. Nikamwambia aanze.

Shauri lake lilikuwa hili. Mume wake aliugua muda mrefu. Jioni moja, siku mbili kabla hajafa, walikuwa watatu chumbani: mgonjwa, yeye mke, na mdogo wake mgonjwa, yaani shemeji yake. Baada ya arobaini shemeji akasema kwamba jioni ile kaka yake alimkabidhi shamba lote, kwa mdomo wake. Mke akasema hakuna kitu kama hicho. Shahidi mwingine hakuwepo. Baraza la kata lilikuwa limepanga siku ya kuwasikiliza kabla ya mvua za kwanza, na kila upande uliambiwa ulete maelezo. Akishindwa, hana pengine pa kulima. Itabidi arudi kwa baba yake na watoto watatu, akaombe tuta kwa wake za kaka zake. Baba mwenyewe alikuwa na shamba dogo na wana wanne.

Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, kifupi, hakina mapambo. Lugha ya kwao ni ile yenye vidoko vya ulimi, ambayo mimi niliyekulia mjini sikuwahi kuijua hata salamu. Alisimulia kwa utulivu. Nani alikaa juu ya nini. Uji ulikuwa wapi. Shemeji aliuliza habari za ng'ombe mmoja. Mgonjwa alinyamaza sana. Kisha akamwambia mkewe kwamba atabaki hapo na watoto. Kisha akasema jingine, na hilo mwanamke alilisema kwanza kwa lugha yao, polepole, ndipo akalitoa kwa Kiswahili:

"Mwaka huu pale kwenye kichuguu usipande, mchwa wamerudi. Anzia upande wa korongo."

Nikamwambia akanywe chai. Akasema hanywi chai ya kununua. Akaenda akasimama na kaka yake kidogo, akarudi, akaanza upya.

Nikaoanisha. Sentensi arobaini na moja upande wa kushoto, thelathini na nane upande wa kulia. Mengi yalikuwa na vema. "Utabaki hapa na watoto" lilikuwa limegeuka "alisema nisiondoke na watoto," safi kabisa. Lakini lile la mchwa lilirudi vile vile. Lilianza tena kwa lugha yao, polepole vile vile, kisha Kiswahili kile kile, kichuguu pale pale, korongo pale pale. Nikamtazama yule kaka. Midomo bado inacheza. Nikasema moyoni, hili limetungwa njiani, kwenye kiti cha baiskeli.

Nikaliwekea mkasi. Na kusema kweli hata lisingekuwa na mkasi ningelikata, kwa sababu lilikuwa linanisukuma mstari wa thelathini na mbili, na yeye alikuwa na fedha ya ukurasa mmoja. Badala yake nikachukua lile la kubaki na watoto, ambalo lilikuwa dogo na limechakaa, nikalifua, nikalipiga pasi. Nilipomaliza kupiga chapa nikamsomea:

"'Mke wangu mpenzi, shamba hili nakuachia wewe na wanangu, na mtu yeyote asije akakusumbua baada yangu.'"

Akaivuta karatasi kwake.

"Hakusema hivyo."

"Ndiyo maana yake, mama."

"Maana yake, ndiyo."

"Basi."

"Na la mchwa?"

"La mchwa la nini? Tunaliandikia baraza, hatumwandikii bwana shamba."

Akanitazama kama mteja anavyomtazama mtu aliyemuuzia chumvi yenye mchanga akiwa ameshailipia. Kisha akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya karatasi. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Nakumbuka hata niliisoma tena peke yangu, ile sentensi, kwa kuipenda. Siku hizi nikiipenda sentensi ya mtu mwingine kiasi hicho, najua imekwisha kuwa yangu.

Siku chache baadaye ikanifikia karatasi ndogo kutoka kwa katibu wa baraza. Haikuwa na salamu. Aliyeandika maelezo ya mjane afike naye. Nikauliza waandishi wenzangu wa kibarazani, wakaniambia vijijini wamechoshwa na karatasi za mjini. Kila mwenye shauri anakuja na marehemu anayezungumza kama mwanasheria. Nilifikiria kutokwenda. Lakini jina la kibaraza changu lilikuwa chini ya ukurasa, nililiweka mwenyewe kama tangazo.

Nikapanda lori la magunia matupu. Wakati huo Chemba haijawa wilaya, na baraza lilikaa kwenye ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi walipoanza kufuata mazao hadi mlangoni kwa mkulima. Mwenyekiti alikuwa mtunza ghala wa zamani wa hapo hapo. Meza yake ilikuwa mahali palipokuwa na mzani. Alama za miguu ya mzani zilionekana sakafuni. Kando yake walikaa katibu, ambaye hakuwa mwenyeji, na wajumbe wanne, mmoja wao mama mkulima wa alizeti aliyekuja na kazi yake ya kusuka ukindu.

Shemeji alikuwa mtu mpole mwenye koti. Alinisalimu vizuri, akanipisha kivulini. Hilo likanitia shaka zaidi.

Hapa niseme nilichokikata. Kesi ilikuwa ndefu. Kulikuwa na salamu, sala mbili kwa sababu ya dini mbili, ubishi kuhusu mbuzi aliyekula karatasi ya mtu wa shauri lililotangulia, na hotuba ya mjumbe mmoja kuhusu vijana. Vyote ninavyo kwenye daftari, niliviandika juu ya lori nikirudi, kabla havijapoa. Sivileti. Ninayoyaleta ni yale tu ambayo kama yasingesemwa, shamba lingekwenda kwingine.

Mwenyekiti akasoma karatasi yangu kwa sauti ya kupima gunia. Alipofika kwenye 'mke wangu mpenzi' akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaendelea hadi mwisho.

"Umesikia," akamwambia shemeji.

"Nimesikia, mwenyekiti. Ila huyo aliyesema hayo si kaka yangu. Hiyo ni redio."

Ghala likacheka.

"Kaka yangu hata posa aliipeleka kwa kunyamaza. Nilikuwa naye, mimi ndiye niliyeongea. Leo ndiyo aseme 'mpenzi'?"

Wakacheka tena, na mimi nilijua wanacheka kweli, kwa sababu na mjane alitabasamu. Alimjua mume wake.

"Mama," mwenyekiti akasema, "mume wako alisema maneno haya?"

Nikapiga hesabu haraka. Upande huu neno la mke na karatasi yenye dole gumba. Upande ule neno la mdogo mtu. Angesema ndiyo, mzani ungelala kwake. Akanigeukia. Nikainamisha kichwa kidogo, kama dalali anavyomwashiria mwenye mbuzi kwamba bei imefika, akubali.

"Hakusema hivyo."

"Kidole ni chako?"

"Changu."

"Na maneno?"

"Ya huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Alisema ndiyo maana yake."

Mwenyekiti akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mwandishi. Ulikuwepo marehemu akiyasema?"

"Sikuwepo, mwenyekiti."

"Haya uliyasikia wapi?"

Ningeweza kusema niliyasikia kwa mama. Ilikuwa nusu ya kweli, na nusu za kweli nimeziuza maisha yangu yote, wateja wakashukuru. Lakini pale ingemaanisha kwamba mwongo ni yeye na mimi ni mashine tu. Nikamwona amekaa kwenye gunia lililokunjwa, hana hata karatasi ya pili, kwa sababu nilimwambia ya pili haisomwi.

"Niliyatunga," nikasema. "Mama alisimulia mengine, mimi nikayanyoosha."

"Ukamtoza."

"Nilimtoza."

"Mimi hapa nilikuwa napima mahindi ya watu. Ningenyoosha mzani hivyo ningefungwa."

Sina hakika kama alisema ningefungwa au wangenifunga. Kwenye daftari nimeandika moja, kichwani ninalo jingine. Kwa kipimo changu cha zamani, basi, nina haki ya kuliweka.

Shemeji akafunga vifungo vya koti. "Basi shauri limekwisha. Karatasi ni ya uongo."

"Karatasi ndiyo imekwisha," akasema yule mama wa alizeti, bila kuinua macho kwenye ukindu. "Shauri bado. Mama, mumeo alisema nini?"

Mjane akaongea kwa lugha yao. Polepole, vile vile kama mezani kwangu. Hata mimi nisiyeijua nilitambua pale vidoko vilipokaa. Waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Mwenyekiti akamgeukia katibu, akamtafsiria:

"Anasema marehemu alimwambia: mwaka huu pale kwenye kichuguu usipande, mchwa wamerudi. Anzia upande wa korongo."

Nikatazama chini. Kichwani nilikuwa bado na mkasi wangu. Nikajisemea, sasa ndiyo kazama, kaja na hadithi ya wadudu.

"Ulisikia hilo?" mwenyekiti akamuuliza shemeji.

Shemeji akatabasamu, tena kwa upendo. "Hilo alisema. Sikatai. Kaka alikuwa na vita na mchwa tangu tukiwa wadogo."

"Alisema kabla ya kukupa shamba au baada?"

"Baada. Mimi alishanikabidhi, tukakaa kimya, ndiyo akasema hilo."

"Alimwambia nani?"

"Shemeji."

Yule mama akaweka ukindu mapajani.

"Shamba kakupa wewe. Mchwa kampa shemeji yako."

Hakuna aliyecheka.

"Alikuwa anaumwa," akasema shemeji.

"Aliumwa akasahau kwamba mkewe hana shamba, akakumbuka aanzie kupanda upande gani."

Shemeji akafungua kifungo kimoja cha koti. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makubwa. Nimefikiri sana kuhusu dakika ile, na naamini angeweza kuyakana makubwa yote hadi jua lizame, kwa sababu aliyategemea na alikuja na majibu yake. Lile dogo halikuonekana kama ushahidi, wala kwake, wala kwangu niliyelipwa kutafuta ushahidi. Kwa hiyo alilikubali, kama unavyokubali kwamba jana kulikuwa na upepo. Na nadhani alikuwa anampenda kaka yake. Alifurahi kusikia anaongea kama mwenyewe, baada ya ile redio yangu. Kuhusu mwanamke, sasa ninajua kwa nini maneno yale yalirudi vile vile mara mbili. Maneno ya mwisho ya mumeo yenye kueleweka huyashiki kwa maana yake. Unayashika yalivyo. Kipimo changu kilikuwa kizuri kwa wauza viwanja. Sikuwahi kukipima kwa mtu aliyefiwa.

Wakajadiliana, wakatoka, wakarudi. Shamba likabaki mikononi mwa mjane na watoto wake. Shemeji akapewa haki ya kulisha ng'ombe zake mabua baada ya mavuno, ili ndugu waendelee kusalimiana. Akapokea bila kelele. Nje akanipa mkono.

"Ungeng'ang'ania uongo wako, mwandishi, shamba lingekuwa langu."

Sikujua kama ananishukuru au ananilaani, na sura yake haikunisaidia.

Nikamkuta mjane akivaa viatu vyake.

"Mama, mbona hukusema ndiyo? Nilikupa ishara."

"Niliiona."

"Sasa?"

"Shemeji alikuwepo jioni ile. Angejua nadanganya. Na marehemu mwenyewe kazikwa mpakani mwa shamba. Kila siku nampita."

Kaka yake alikuwa amesimama na baiskeli, na kwa mara ya kwanza akanisemesha.

"Kengele ya mashine yako ililia mara thelathini na moja."

"Kengele gani?"

"Ile inayolia mstari ukiisha. Ulimwambia dada mistari thelathini. Niliambiwa mjini mnazidisha, nikahesabu."

Midomo yake, kumbe, ilikuwa inahesabu mistari: kwanza ya mashine za jirani, kujizoeza, kisha yangu. Nikamwambia mmoja nilikosea nikaupiga upya. Akanikubalia kwa kichwa, kwa namna ya mtu anayehifadhi shaka yake kwa matumizi ya baadaye. Wa kumshuku siku ile alikuwa mwandishi, na wao ndio waliomshuku ipasavyo.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki walipokuja tena mjini, wawili wale wale. Alitaka karatasi nyingine, ya kuweka ndani kwa ajili ya watoto: baba yao alisema nini jioni ile. Sikumwambia akanywe chai. Alisema, nikapiga. Aliponyamaza, nilinyamaza. Niliandika uji ulikuwa wapi. Niliandika habari za ng'ombe aliyeulizwa na shemeji. Niliandika mchwa na korongo, na vidoko, ambavyo mashine haina herufi zake, nikaviacha, nikaandika tu kwamba aliyasema kwa lugha ya nyumbani. Ukurasa wa kwanza ukaisha, tukaingia wa pili. Ng'ambo ya barabara midomo ikicheza.

Nikamsomea yote. Akasikiliza huku ananyoosha kidole kwa kila sentensi, kama anayehesabu kuku wakiingia bandani. Hakusahihisha kitu.

Ndipo nikaona kilichopungua. Alishanisimulia mara mbili mezani, mara moja ghalani mbele ya watu wote, na sasa mara ya nne, na katika zote mgonjwa anasema lile neno, kisha habari inakwenda kwa shemeji kuaga. Hakuna mwanamke anayeambiwa hivyo na mumewe akakaa tu. Na hakuna aliyemuuliza, si mimi na daftari langu la pande mbili, si baraza.

"Mama, alipokuambia hilo la mchwa, wewe ulimjibu nini?"

Akageuka akatazama mawingu.

"Nilimjibu."

"Ulisemaje?"

"Hilo halihusu shamba."

Nikasubiri. Nimewahi kuwasubiri wauzaji wakaidi sana. Ukinyamaza vya kutosha, wenyewe huongeza neno. Yeye hakuongeza. Miaka iliyofuata nimemjibia mara nyingi. Nimemfanya amwambie mumewe anyamaze anywe uji, nimemfanya acheke, nimemfanya amwulize mchwa wamerudi lini. Yote yanafaa pale, na yote nimeyafuta.

Alikunja karatasi zile mbili mara nne, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza siku hizi mbegu ya uwele wanauza upande gani, maana duka la ushirika nalo limefungwa. Nikamwelekeza. Nikamwambia asikubali bei ya kwanza.

"Kwani yako niliikubali?" akasema, akavuka barabara, na kaka yake alikuwa ameshageuza baiskeli.